Je, Simu Imeifunga Milango ya Maktaba?

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu msomaji, Ijumaa moja hapa Itigi nilipanda mimbari nikasimulia hadithi niliyoletewa kwenye simu. Ilikuwa hadithi nzuri, yenye kuliza, na chini yake palitajwa jina la kitabu mashuhuri. Baada ya swala, kijana mmoja wa madrasa, mwenye adabu zake, alinijia akaniuliza: "Sheikh, hadithi ile ipo katika mlango gani wa kitabu kile, nami nikaisome?" Sikuwa na jibu. Nilirejea nyumbani, nikakishusha kitabu chenyewe rafuni, nikakipekua juzuu baada ya juzuu kwa siku mbili. Hadithi haimo. Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari ileile nikawaomba radhi waumini.

Nimeanza na aibu yangu mwenyewe ili nisidhaniwe kuwa nawanyooshea vidole vijana. Swali linaloulizwa siku hizi ni hili: katika zama hizi za intaneti, je, watu bado huenda maktaba, na je, kuna haja ya kwenda?

Wasemao kuwa haja imekwisha wana hoja, na insafu inatutaka tuikiri. Mwanafunzi wa Itigi anayeitaka maktaba ya mkoa hana budi kusafiri hadi Singida mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Nauli hiyo wazazi wengi hawana. Lakini kwa simu ya mzazi wake aweza kuona miswada ya kale ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, msikiti alioujenga Habib Saleh. Miswada hiyo ilipigwa picha kwa msaada wa mpango wa British Library ya Uingereza wa kuhifadhi nyaraka zilizo hatarini, ikawekwa mtandaoni. Mtoto ambaye hajapata kuiona bahari anasoma mwandiko wa wanazuoni wa pwani. Hiyo ni neema, na neema haikanushwi.

Hata hivyo, tutazame upande wa pili. Mwezi Oktoba 2023, wahalifu wa mitandao waliishambulia British Library hiyohiyo, na huduma zake nyingi za mtandaoni zikazimika kwa miezi. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya zipitazo chini ya bahari zilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo mwenye elimu yote ndani ya simu alibaki amekodoa macho. Mwenye kitabu rafuni alikifungua akaendelea kusoma.

Jambo la pili ni uthibitisho. Umma huu uliamrishwa kusoma katika wahyi wa mwanzo kabisa, na pia uliamrishwa kuichunguza habari kabla ya kuifanyia kazi. Ndiyo maana maulamaa wetu wakashughulika na sanadi: nani kapokea kwa nani. Simu huleta maneno bila kumjua aliyeyasema. Maktaba ina kitabu chenye mtunzi, mlango na ukurasa, nawe waweza kurejea kesho ukalikuta neno lilelile mahali palepale. Ingawa kitabu nacho peke yake hakitoshi, kwani wazee wetu walituonya tusichukue elimu kwa karatasi bila mwalimu. Basi simu na ituletee, kitabu kituthibitishie, na mwalimu atufafanulie.

Je, watu bado huenda? Aliyepita katika maktaba za miji yetu nyakati za mitihani ameona vijana wamejaa, wengi wakiwa na madaftari yao wenyewe. Wamefuata meza, mwanga na utulivu. Mtoto anayelala chumba kimoja na ndugu zake watano, televisheni ikinguruma, atasomea wapi? Taifa letu lilitambua haja hiyo mapema. Sheria ya huduma za maktaba ilitungwa mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967.

Sisi Waislamu ndio tusiostahiki kusubiri serikali peke yake. Baghdad ilikuwa na hazina za vitabu kabla ya Wamongolia kuuteka mji ule mwaka 1258. Maktaba ya Qarawiyyin mjini Fez, Morocco, ingali hai, nayo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2016. Na pale Timbuktu, nchini Mali, vita vilipoingia mwaka 2012, miswada kwa maelfu ilitiwa masandukuni na kusafirishwa kwa siri hadi Bamako. Mingi kati ya hiyo ilikuwa amana ya familia za kawaida, zilizorithishana vitabu kizazi baada ya kizazi.

Nasi je? Miaka michache iliyopita alifariki mwalimu mmoja mzee katika maeneo yetu haya. Nilipofika kuhani niliviulizia vitabu vyake. Nikaoneshwa gunia chini ya kitanda. Mchwa walikwisha kula tafsiri yote, na pambizoni mwa kurasa chache zilizosalia ulionekana mwandiko wake wa miaka arobaini ya kusomesha. Maandishi yale hayamo katika intaneti wala hayatakuwamo kamwe. Warithi sikuwalaumu. Sisi jamaa wa msikitini hatukupata kumwambia mzee, angali hai, kwamba tuna mahali pa kuvipokea.

Ushauri wangu ni mdogo. Kila msikiti uweke kabati moja la vitabu lisilogusa sakafu, msimamizi mmoja, na saa mbili za kufunguliwa baada ya Alasiri, mabinti nao wapangiwe nafasi yao. Liwepo na daftari la kuazima, kwani wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye vitabu aviweke wakfu angali na uhai, au aviusie bila kuvuka thuluthi ya mali yake. Akishafariki, warithi waliobaleghe waweza kuvitoa kwa ridhaa yao. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa elimu yenye manufaa ni miongoni mwa amali zisizokatika kwa mauti.

Nawe mzazi, usimpokonye mwanao simu kisha ukamwacha mikono mitupu. Mshike mkono, umpeleke penye kitabu, nawe ukae usome pamoja naye.

Wabillahi tawfiq.