Nyumba ya Leta, kodi ya nani?

Mjane wa mchimbaji mwenzetu, hapa Kayna, anakaa katika nyumba ya Leta. Juzi mtu alibisha mlango, akamuitisha kodi ya nyumba, kwa mdomo tu. Mama akatuuliza: Leta inalipisha hata nyumba yake yenyewe?

Sheria iko na jibu. Ordonansi-sheria namba 69-006 ya tarehe 10 Februari 1969 inaachilia kodi mali ya Leta. Lakini inasema vilevile kwamba mwenye kukaa katika nyumba ya Leta kwa mkataba wa kupanga, yeye njo anadaiwa. Basi kabla ya kuhesabu feza, tuangalie mkataba. Uko? Uko kwa jina la nani?

Katiba ya 2006, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Na kifungu cha 204 kinaweka kodi ya nyumba na udongo mikononi mwa provensi. Hakuna mtu wa kuizua kwa mdomo.

Toka vita ilipoingia Kayna mwisho wa Juni 2024, hatumwambii mtu agombane na mwenye bunduki. Tunasema hivi: omba karatasi yenye jina lako, anwani ya nyumba, mwaka, franga ngapi, na sheria gani. Ukilipa, chukua risiti, uiweke pamoja na kadi yako ya mchimbaji. Kesho ofisi ingine ikija kuitisha kodi ileile, mdomo wako hautakuwa ushahidi.