Askari Wetu Kongo na Kura ya Oktoba: Suali Kutoka Ifakara

 

Kampeni zilianza 28 Agosti 2025, na kura ya Rais wa Muungano na wabunge ilikuwa 29 Oktoba 2025. Bonde la Kilombero, kama huku visiwani, lilisikia ahadi za barabara, maji na ajira. Ndugu zetu wa Ifakara wametuuliza jambo jengine: je, inafaa Muislamu kumuuliza mgombea kuhusu askari waliopelekwa Kongo, au huko ni kuchochea fitna?

Suali hili lina mahali pake. Huko Chita, ndani ya bonde hilohilo, ipo kambi ya JKT yenye mashamba ya mpunga. Vijana huingia JKT wakitaraji kuajiriwa jeshini, kama vijana wetu wanavyoingia JKU. Mzazi wa Ifakara na mzazi wa Wete wana khofu moja.

Tuanze na yaliyotokea. Nchi za SADC zilitia saini mkataba wa ulinzi wa pamoja Dar es Salaam mwaka 2003. Disemba 2023 vikosi vya SADC, kutoka Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, vikaanza kazi ya kuisaidia serikali ya Kinshasa dhidi ya M23. Aprili 2024, wakati mafuriko yamelikumba bonde la Kilombero hadi Rufiji, kombora lilianguka karibu na kambi Kongo na kuua askari watatu wa Tanzania. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma ikatekwa, na JWTZ likatangaza kufariki askari wengine wawili. Tarehe 13 Machi SADC ikasitisha kazi hiyo, na askari wakaondoka kwa kupitia Rwanda hadi Chato. Rwanda hiyo hiyo ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanasema inaisaidia M23.

Nani aliulizwa kabla ya kwenda? Ulinzi ni jambo la Muungano, kwa hivyo Baraza letu la Wawakilishi halihusiki. Wanaohusika ni wabunge walioko Dodoma, wa visiwani pamoja na wa Kilombero na Mlimba. Ibara ya 44 ya Katiba inataka Rais akitangaza vita, Bunge liitishwe ndani ya siku 14 kulijadili tangazo hilo. Lakini kupeleka kikosi chini ya jumuiya si kutangaza vita, na sharti hilo haliguswi. Ndiyo maana suali la mpiga kura lina uzito.

Wazee wetu wanakumbuka. Baada ya vita vya Kagera, wananchi waliambiwa wafunge mikanda miezi 18. Askari wetu walikuwa bado Uganda tulipopiga kura Oktoba 1980, na dhiki ilikwenda miaka. Sukari ilipatikana kwa foleni, ingawa Kilombero ina kiwanda chake.

Kumsaidia jirani aliyevamiwa si kosa. Suratul-Hujuraat aya ya 9, ingawa inahusu waumini wanaopigana, inatufundisha utaratibu: sulhu kwanza, kisha kumzuia mwenye kudhulumu, kisha kurudi kwenye sulhu kwa uadilifu. Kongo nayo imerudi mezani, Washington mwezi Juni na Doha mwezi Julai. Basi nguvu ya jeshi lazima iwe na lengo na mwisho unaojulikana.

Kuuliza pia kuna mipaka. Suratun-Nisaa aya ya 83 inawalaumu wanaotangaza khabari za amani na za khofu bila ya kuzirejesha kwa wenye mamlaka. Tusiulize idadi ya askari, walipo, wala safari zao, na tusisambaze picha za maiti kwenye simu.

Tunayoweza kumuuliza kila mgombea ubunge, wa chama chochote, ni haya: Utataka Bunge lijadili lengo na muda kabla ya askari kupelekwa tena? Utataka gharama zielezwe? Na mjane na mayatima wa askari hulipwa haki zao kwa muda gani?

Uongozi ni amana, na mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga. Kumkumbusha hilo kabla hajapewa ni nasaha, si fitna, maadamu tunasema kwa adabu na bila ya matusi.

Tunamuomba Allaah awape subira waliofiwa.

Wa-Allaahu A'lam.