Mgeni kashinda, fundi kalala chali

Bumu bado halijaingia, pindi la jioni limeahirishwa, basi jana tumeshinda kwenye vimbweta hapa Kizumbi tunabishana mieleka. Rumeti wangu (mtoto wa Dar huyo) anadai mieleka ya Marekani ni maigizo matupu, na wakiishiwa mbinu wanaokota staa wa mchezo mwingine aje kuuza sura. Mimi nimekulia Katoro kule Geita, kwenye vibanda vya video vya shilingi 200. Ubishi kama huo siwezi kuupita.

Kwamba matokeo yanapangwa, sawa, tumeshakua. Na mastaa wa kukodi wapo tangu zamani. Muhammad Ali alikuwa mwamuzi kwenye WrestleMania ya kwanza kabisa mwaka 1985. Mike Tyson, akiwa amefungiwa ngumi kwa kumng'ata Holyfield sikio, alikuja 1998 pale Boston, akahesabu tatu Steve Austin akawa bingwa, kisha akamlaza Shawn Michaels kwa konde moja. Kibanda kizima kilisimama!

Ila mimi ninayemkumbuka zaidi ni Bam Bam Bigelow. Jitu la miraba minne, kichwani kachorwa miali ya moto, na bado anabinuka sarakasi kama mtoto. Mwaka 1995 akapangiwa Lawrence Taylor, nguli mstaafu wa mpira wa Kimarekani wa New York Giants. Pambano lao likawekwa la mwisho, likapita hata lile la ubingwa la Diesel na Michaels. Taylor akashinda.

Sasa jiulize, mtu wa mpira kajulia wapi kupigana mieleka? Nani alimpokea vizuri asivunjike shingo? Nani aliruka na kuanguka kwa wakati wake mpaka mgeni akaonekana simba? Ni Bigelow huyo huyo aliyeshindwa. Kazi ngumu kafanya yeye, picha kapigwa mwenzake. Bigelow alifariki Januari 2007, na ukimtaja kwenye vimbweta watu wanakuuliza, ndo nani?

Wachimbaji wa kwetu wanalijua hili. Watu wanashuka duarani miezi, wanakula vumbi, siku ya mgao wa mifuko anatokea mtu na viatu vinang'aa, na fungu lake limeshatengwa.

Rumeti akanibana: bila staa nani angeangalia? Hapo kidogo ana pointi, nakiri. Hata Usukumani, Bagika na Bagalu wakishindana ngoma, mshindi ni aliyevuta watu wengi, ndiyo maana kwenye Bulabo pale Bujora mtu anacheza na chatu. Lakini yule chatu analishwa na mchezaji mwenyewe mwaka mzima! Hakodiwi asubuhi ya ngoma.

Na kinachoniudhi, wageni karibu wote wanashinda. Floyd Mayweather 2008 alimwangusha Big Show, tena kwa kuvaa chuma mkononi, na ikatangazwa analipwa dola milioni 20. Tyson Fury 2019 pale Riyadh akamshinda Braun Strowman kwa kuhesabiwa nje ya ulingo. Yaani fundi wa mwaka mzima anakuwa ngazi ya mtu wa siku moja. Mimi nasema mastaa waje, wajaze viwanja, ila siku nyingine nao walale chali. Na aliyewabeba alipwe kwa kuwabeba.

Mjomba wangu, mchimbaji wa siku nyingi, alikuwa na tabia kibandani. Pambano likiisha wote tunamshangilia staa, yeye anabaki kumtazama aliyelala chini, anasema, "Huyu ndiye kafanya kazi leo." Tulikuwa tunamcheka sana.

Haya, nawahi kujisomea, kesho kuna testi na sitaki kudisko. Mnaobisha njooni, nipo.