Saa ya Wazazi

Ndugu Waislamu, tulipoishi Trinidad kwa miezi kadhaa hatukuona ugeni msikitini. Waislamu wengi wa kisiwa kile ni vizazi vya vibarua wa mkataba walioletwa kutoka India kati ya 1845 na 1917. Idd-el-Fitr ni sikukuu ya taifa, na tambi hupikwa kama kwetu. Kilichotutatiza ni saa. Kule wako nyuma yetu kwa saa saba: tukitoka kazini saa kumi na moja jioni, nyumbani ni saa sita za usiku, wazazi wamelala. Tukajiwekea ada ya kupiga simu baada ya Adhuhuri, wao wakiingojea Isha. Enyi mlio ughaibuni, kutuma fedha pekee hakutoshi. Itafuteni saa ya wazazi.