Piano ya Msaada Ikaguliwe Pini Kabla ya Kupokelewa

Kanisa au shule ikiletewa piano kutoka Ulaya, macho huvutwa kwanza na mng'aro wa mbao na jina la kiwanda lililoandikwa kwa herufi za dhahabu. Miezi michache baadaye nyuzi zinaanza kupishana sauti. Fundi anaitwa, anatyuni, anaondoka, na kabla ya mwezi kwisha malalamiko yanarudi kwamba fundi hajui kazi. Wapo mafundi wabovu, hilo halina ubishi, lakini mara nyingi lawama hii humwangukia asiyestahili. Piano hushika sauti kutegemea namna mbao ilivyozibana pini zake, unyevu wa chumba ilimowekwa, na mara ngapi inatyuniwa. Pini zinaweza kupimwa hata kabla piano haijapakiwa kwenye kontena, na kwa maoni yangu hapo ndipo mpokeaji anapaswa kuanzia, kabla ya kuuliza rangi, umri au jina la kiwanda.

Piano ya kawaida ina vibonye 88 na nyuzi zipatazo 230, na mkazo wa nyuzi hizo kwa pamoja hufikia tani 15 hadi 20. Kila uzi umezungushwa kwenye pini ya chuma yenye unene wa milimita 7 hivi, iliyopigiliwa katika ubao mgumu ulio nyuma ya fremu ya chuma. Hakuna nati wala kufuli inayoizuia pini hiyo isizunguke. Kinachoizuia ni mbano wa mbao peke yake. Mkulima anaielewa habari hii bila kufundishwa: jembe likilegea mpini hulowekwa majini, mti ukavimba na kukaza, lakini ukishakauka jembe hulegea kuliko mwanzo, kwa kuwa nyuzinyuzi za mti zilijiponda kwenye chuma zilipokuwa zinavimba. Ubao wa pini hupitia mateso hayohayo. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, ilhali piano hupendelea chumba chenye asilimia 40 hadi 50 hivi. Kibaya zaidi kuliko unyevu wenyewe ni kupanda na kushuka kwake, kama katika ukumbi ambao kiyoyozi huwashwa siku ya sherehe na kuzimwa wiki nzima inayofuata.

Unyevu huo hauishii kwenye pini. Ubao mwembamba wa sauti nao huvimba wakati wa masika, ukainuka na kuzisukuma nyuzi, na sauti ikapanda, hasa sehemu ya katikati ya kinanda. Kiangazi kikiingia, sauti hushuka. Kwa hiyo hata piano yenye pini imara, ikityuniwa mvua inapokolea, itakuwa imepotoka ardhi inapokauka. Fundi hana la kufanya hapo ila kurudi.

Kuna sehemu, hata hivyo, ambayo ni ya fundi na anastahili kuulizwa. Kuifikisha noti ya A iliyo juu ya C ya katikati kwenye mitetemo 440 kwa sekunde, kipimo kilichokubaliwa katika mkutano wa London mwaka 1939, si kazi ngumu kwa mwenye sikio na ufunguo. Ugumu ni kuiacha hapo. Pini inaposhikwa na ufunguo hujisokota kwanza kwa juu kabla mguu wake haujasogea ndani ya mbao, na uzi nao hukwama kila unapopita juu ya chuma. Fundi makini hupandisha sauti kidogo kupita kiasi, akairudisha taratibu, huku akikigonga kibonye kwa nguvu ili mkazo usambae sawasawa. Mwenye haraka huacha msokoto ndani ya pini, na sauti huanza kushuka hata kabla hajafika kituo cha basi. Piano iliyoshuka sana huhitaji kupitiwa mara mbili, maana nyuzi zinazokazwa mwisho huongeza mzigo kwenye ubao wa sauti na kuzishusha zilizotangulia. Anayelipia mzunguko mmoja tu kwa piano kama hiyo atalipa tena.

Pini zilizolegea zina tiba. Zinaweza kugongwa kidogo ziingie zaidi, kubadilishwa kwa pini nene zaidi, au kutiwa gundi nyepesi ya supagluu iingie kwenye tundu. Wapo wanaoiita gundi hiyo kiraka cha wababaishaji. Kwenye piano ya thamani inayostahili ubao mpya, wana haki. Kwa piano kuukuu ya darasani, ambayo ubao mpya ungegharimu kuliko bei yake, gundi ikitiwa kwa kipimo inaweza kuipa miaka ya kazi, na kuitupa ndiyo hasara. Mafuta ya kulainisha ndiyo yasikaribie pini kabisa.

Wengine watasema mzozo wote huu unamalizwa na kinanda cha umeme. Kwa kanisa lisilo na bajeti ya fundi, nakubali bila kinyongo: nunueni cha umeme. Shule inayofundisha muziki haiwezi kukimbilia huko, kwa sababu mguso wa nyundo na uzi ni sehemu ya somo. Mpiga ganuni wa taarab hutyuni ala yake mwenyewe kabla ya onyesho. Mpiga piano humtegemea fundi, basi fundi huyo awemo kwenye bajeti, angalau mara mbili kwa mwaka.

Kamati inayoahidiwa piano imwombe mfadhili ripoti ya fundi wa huko yenye vipimo vya kifaa kinachoonyesha nguvu inayohitajika kuizungusha kila pini. Zikiwa nyingi zimelegea, mfadhili aombwe azitengeneze kwanza, au ahadi ikataliwe kwa shukrani kabla ya kulipia meli na ushuru wa bandari.