Moyo wa mtoto waweza kutibiwa bila kupasua kifua, ila usichelewe

Msomaji, iwapo mtoto wako hutokwa na jasho jingi anaponyonya, huachilia titi kila mara ili avute pumzi, na haongezi uzani, usikubali kuambiwa tena kwamba ni nimonia tu.

Hapa Ahero baridi ya mashamba ya mpunga hulaumiwa kwa kila kifua kinachokoroma. Hata mimi nimewahi kuilaumu. Mtoto mmoja nilimtibu nimonia mara tatu kabla sijatulia na kuusikiliza moyo wake vizuri. Ulikuwa ukivuma mfululizo, kama mashine ya kusaga unga.

Mtoto akiwa tumboni, mshipa mfupi huunganisha mshipa mkuu wa mwili na ule uendao mapafuni, maana mapafu hayajaanza kazi. Akizaliwa, mshipa huo hujifunga wenyewe katika siku za kwanza. Usipojifunga, damu hufurika mapafuni, na mtu wa bonde la Nyando hahitaji kuelezwa maana ya kufurika.

Zamani tiba ilikuwa kupasua ubavu. Mnamo 1967 Werner Porstmann wa Berlin alitangaza kwamba ameuziba mshipa huo kwa kupitisha kizibo pajani. Siku hizi mrija mwembamba huingizwa pajani hadi karibu na moyo, kizibo cha waya kikaachwa hapo, na mara nyingi mtoto hurudi nyumbani kesho yake. Hospitali ya Mater jijini Nairobi hufanya kazi hii, na mbio zake za hisani zilizoanza 1993 zimechangia matibabu ya watoto wengi.

Hata hivyo, mafuriko yakidumu miaka mingi mishipa ya mapafu hukakamaa, na kuziba wakati huo kwaweza kumuua mtoto. Tena si kila kasoro huzibwa kwa mrija. Nyingine zingali zahitaji kisu.

Ugomvi wangu basi si na Nairobi, ni na sisi wa mashinani. Mtoto huletwa kuchanjwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Hupimwa uzani, hudungwa sindano, kijitabu kikaandikwa. Moyo hausikilizwi. Najua foleni ni ndefu, lakini ni dakika moja tu.

Safari ijayo omba mtoto asikilizwe. Mivumo mingi haina madhara, lakini ukisikika, usiondoke bila barua ya kwenda kupigwa picha ya moyo.