Mbwa anayejikuna Namanga hana pa kushtakia

Mfugaji wa Namanga akikosa dawa ya viroboto kwenye agroveti ya upande wa Kenya, huvuka na kununua iliyopo upande wa Tanzania. Leo ni sabuni ya dawa, mwezi ujao matone ya mgongoni, na pesa ikipungua, dawa ya kuogeshea ng'ombe iliyokorogwa kwa kukisia. Siku mbili baadaye mbwa ana vipele na manyoya yanamtoka.

Dawa mpya hulaumiwa, pengine kwa haki. Matone yakimkataa mbwa, aghalabu wekundu huanzia pale pale yalipowekwa, kati ya mabega, ndani ya siku moja au mbili. Muwasho wa kiunoni na kwenye shina la mkia ni kesi nyingine: mara nyingi huo ni mzio wa mate ya kiroboto. Kiroboto mchanga hujificha ndani ya kifukofuko kwenye matandiko kwa wiki kadhaa, hata miezi, kisha akaibuka dawa ikiwa imekwisha nguvu. Asiyejua hilo huongeza dawa ya tatu juu ya pili, na hapo ndipo ngozi huungua kweli.

Ya ng'ombe ndiyo ya kuogopwa zaidi. Baadhi ina amitrazi, ambayo mbwa pia huogeshwa, lakini kwa kipimo chake. Ikizidi, mbwa hulegea na mapigo ya moyo hushuka. Permethrini kali anayoivumilia mbwa, nayo, yaweza kumuua paka anayelala naye.

Je, nani huambiwa mambo haya yakitokea? Kenya ina kurugenzi ya dawa za mifugo, Tanzania ina TMDA, Uganda ina NDA. Chupa iliyonunuliwa nchi moja ikamdhuru mnyama nchi ya pili haiwi kesi ya yeyote.

Mwaka 2009 shirika la mazingira la Marekani, EPA, lilianza kuchunguza dawa za matone baada ya taarifa za madhara kuongezeka, kuanzia muwasho wa ngozi hadi vifo. Mwaka uliofuata likataka lebo zieleze vizuri zaidi uzito wa mnyama, kwa kuwa mbwa wadogo ndio walioumia zaidi. Liliweza kwa sababu taarifa zilifika mahali pamoja.

Wapo watakaosema Jumuiya ya Afrika Mashariki ina mahindi yaliyokwama mpakani, viroboto vingoje. Lakini mbwa huyo ndiye mlinzi wa boma, na watoto humshika kutwa. Tena nchi wanachama zilikwisha kukubaliana utaratibu wa kutambuana katika usajili wa chanjo za mifugo. Fomu moja ya kuripoti madhara ya dawa si mlima. Iandikwe kwa Kiswahili, na lebo vilevile, ipatikane kila agroveti ya mpakani.

Kwa sasa, mbwa aliyedhurika aoshwe kwa maji mengi na sabuni isiyo na dawa, asipakwe kingine, apelekwe kwa daktari wa mifugo pamoja na chupa yenyewe.